Nyumba Iliyokwama Gatini

Mtumishi anapohamishwa kuvuka bahari, mwili wake hutangulia na nyumba yake hufuata. Mwili hupanda ndege ukafika siku ya pili. Nyumba, yaani vitanda, vitabu, sufuria na picha za ukutani, hufungiwa katika kasha la chuma ikangojea meli. Baina ya kufika kwa kimoja na kufika kwa kingine ipo nafasi, na ndani yake mgomo huweza kuingia.

Mama mmoja wa Mombasa aliijua nafasi hiyo mwaka 2024. Alikuwa ametumika miaka tisa New Jersey, Marekani, kisha mwajiri akamhamishia afisi ya kwao. Mwishoni mwa Septemba vyombo vyake viliandikwa orodha, vikapelekwa bandarini. Yeye na watoto wawili wakaondoka na masanduku manne. Oktoba 1 makuli wapatao 45,000 waligoma katika bandari 36, tangu Maine hata Texas. Mgomo wa namna hiyo haukuwa umeonekana katika pwani zile tangu 1977. Walidai ujira bora, na kinga dhidi ya mitambo ijiendeshayo yenyewe.

Oktoba 3 walisitisha mgomo, wakiwa wameahidiwa nyongeza ya asilimia 62 kwa miaka sita. Lakini siku tatu za gati si siku tatu za kalenda. Meli zilizongoja nje zilikuwa na zamu, na makasha yaliyorundikana yalikuwa na zamu. Mizigo ya jeshi chama cha makuli kiliahidi kutoizuia. Sufuria za mama yule hazikuwa na cheo hicho. Tena safari yenyewe ilikuwa imerefuka, kwa kuwa mwaka ule meli nyingi ziliikwepa Bahari ya Shamu kwa hofu ya mashambulio, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Mwajiri alikuwa amelipia nyumba ya muda kwa siku 30. Siku ya 31 kodi ikawa juu ya mama. Bima ilifidia kilichopotea au kuvunjika, kuchelewa hakukuwamo. Watoto walilalia magodoro ya kuazima, na binti mdogo akauliza kila jioni kama kitanda chake kimezama. Hasira ya mama haikuwa ya kipumbavu: alilipia ugomvi ambao hakuitwa barazani pake. Akawalaani makuli mbele ya baba yake.

"Usiwalaani, mwanangu," mzee akasema. "Babu yako alikuwa kuli."

Mzee alikuwa mtoto mdogo Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli na wa kazi nyingine, walipogoma Mombasa kwa siku 12. Ujira ulikuwa mdogo, vitu ghali, na vyumba vya kupanga haba.

"Alibeba vitanda vya mabwana waliohamishwa kutoka Uingereza," mzee akaendelea, "naye alilala chini, watu sita chumba kimoja."

"Lakini baba, hawa wa Marekani hulipwa vizuri."

"Huenda. Mimi nimemtaja babu yako, sikuwataja wao."

Mama hakujibu.

Kasha lilifunguliwa katikati ya Desemba. Wachukuzi walipofika mlangoni na kitanda cha mtoto, mzee aliwapa maji ya kunywa kwanza, kisha akawaonyesha chumba.