Wimbi la Miaka Mia

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, mpaka wengine wetu tumeichoka. Mwaka huu nimeipenda upya, kwa sababu nimegundua kuwa ni hesabu, na hesabu yenyewe ni ya mawimbi.

Wahandisi wanaojenga mitambo ya mafuta na gesi katikati ya bahari hujiuliza swali moja kubwa: wimbi kubwa kabisa litakalopiga hapa litakuwa na kimo gani? Wakikisia chini, watu watakufa. Wakikisia juu mno, chuma kitagharimu pesa zisizokuwako.

Ukubwa wa wimbi hutegemea mambo matatu: kasi ya upepo, muda unaovuma, na urefu wa maji unayoyapuliza bila kuzuiwa na nchi kavu. Sisi wa Karagita twalijua jambo hili kwa macho. Asubuhi Ziwa Naivasha hutulia kama kioo, alasiri upepo ukianza mashua hurushwarushwa. Lakini kwa kuwa ziwa letu si pana, mawimbi yake hayawi milima. Baharini upepo una mamia ya kilomita za kukimbilia.

Wataalamu hupima mawimbi, wakatenga theluthi moja ya yale makubwa zaidi na kutafuta wastani wake. Hapo pana mtego, maana jengo halivunjwi na wastani. Katika mawimbi 1,000, yaani dhoruba ya saa tatu hivi, lile kubwa kuliko yote hukaribia mara mbili ya wastani huo. Tarehe 1 Januari 1995, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norway, mtambo wa Draupner ulipima wimbi la mita 25.6, wakati wastani ulikuwa mita 12 hivi. Hebu fikiria ghorofa ya orofa nane ikikujia! Mtambo ulisimama. Na mabaharia waliokuwa wakiambiwa wanatia chumvi katika hadithi zao, kuanzia siku hiyo wakaaminiwa.

Basi wahandisi husema, "Tujenge kwa wimbi la miaka 100." Wengi hudhani maana yake ni kuwa likija leo, tutapumzika miaka 99. La hasha! Maana yake ni kwamba kila mwaka lina nafasi 1 katika 100 ya kuja, hata kama lilikuja mwaka jana.

Baba yangu hutembeza watalii kwa mashua kuwaonyesha viboko, na alikusudia kujenga gati dogo la mbao. Nikamwuliza nguzo zitakuwa na urefu gani. Akasema, "Mwanangu, mimi nimekaa kwa hili ziwa miaka ishirini. Wimbi la kunipita kiuno sijaliona."

Nikachukua kikokotoo. Nafasi ya kutoliona wimbi la miaka 100 katika mwaka mmoja ni 0.99. Ukizidisha 0.99 kwa yenyewe mara 20, unapata 0.82. Yaani katika fuo 100 za namna hiyo, wazee wa fuo 82 watasema kwa ukweli mtupu kwamba hawajaliona. Na gati likikaa miaka 30, nafasi ya kukutana nalo ni zaidi ya 1 katika 4.

Baba akacheka. "Sasa hiyo hesabu itaninunulia mbao?" Swali lake ni la haki, na hata matajiri wa mafuta huliuliza. Tulikubaliana gati liwe la kuelea juu ya mapipa, lipande na kushuka na maji.

Pwani yetu nayo ina somo lake. Watu walizoea kusema vimbunga havifiki karibu na Ikweta. Lakini Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika Mafia, si mbali na Songo Songo, Kilwa, ambako visima vingine vya gesi viko ndani ya bahari. Kati ya hivyo viwili ni miaka 72. Mtu aliyezaliwa Lindi mwaka 1953 angeweza kuzeeka akiapa kwamba jambo hilo haliwezekani.

Tena hesabu hii yote hudhani kuwa kesho itafanana na jana. Ziwa letu lakataa. Mwaka 2009 lilikuwa limenywea sana. Mwaka 2020 likapanda na kuingia katika nyumba za watu Kihoto, na mwaka 2025 likarudi tena. Wimbi dogo juu ya ziwa lililopanda hufika mahali ambapo wimbi kubwa halikufika zamani.

Kwa hivyo wenzangu, mtu akikuambia, "Tangu nizaliwe sijaona maji yakifika hapa," usimbishie, maana asema kweli. Mwulize tu kwa heshima ana miaka mingapi, kisha utoe kikokotoo.