Mwezi wa Tano Hapa Hombo



Mwanzo wa mwezi wa tano mwalimu wetu wa Kifaransa alitupa kazi ya kuandika: kueleza siku moja ya mwisho wa « printemps » katika mji mdogo wa milimani. Tuliangaliana. Hiyo printemps tunaijua kwa kitabu tu. Theluji inayeyuka, miti iliyokuwa mitupu inatoa majani, mchana unaanza kushinda usiku. Sisi hapa Hombo mchana haushindi kitu. Tuko karibu sana na ekwateri, kama digri mbili tu kusini yake, na jua linatoka kuelekea saa kumi na mbili asubuhi, ikiwa mwezi wa kwanza, ikiwa mwezi wa sita. Tena miti ya pori la Walikale haijui kuvua majani yote pamoja kama mtu anayevua koti.

Mmoja wetu akanyosha mkono: « Mwalimu, sasa sisi tutaandika nini? » Mwalimu akajibu: « Muandike mwezi wa tano yenu. »

Basi tuliandika. Sisi ni wanne, wa mwaka wa tano, tunakaa nyumba moja kwa mama wa mwenzetu mmoja, maana vijiji vyetu wengine ni mbali. Tulipata 12 juu ya 20, na kwa wino mwekundu iliandikwa kwamba maua hayapo. Kweli maua hatukuyaweka. Lakini kuna jambo lingine ambalo hatukuliweka, na hilo tunaliandika hapa.

Kwanza hali ya hewa yenyewe. Hombo si juu kama Bukavu. Ni kama mlango. Mtu anayetoka Bukavu kwa barabara kubwa ya Walikale na Kisangani anapanda, anapita katika bustani ya Kahuzi-Biega, anateremka kwa Bunyakiri, na anapofika kwenye mto na daraja letu milima imebaki nyuma yake na pori kubwa liko mbele. Upande mmoja wa mto ni Kivu ya Kusini, upande mwingine ni Kivu ya Kaskazini. Kwa hiyo tunapata hewa za pande mbili: ya milima usiku, na mapema asubuhi mtu anatafuta koti, ya pori mchana, na shati linashikamana na mgongo.

Asubuhi ya mwezi wa tano ukungu unalala juu ya mto mpaka saa mbili, saa tatu. Kisha jua linatoka kwa ukali, na ardhi yote inatoa mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Mwalimu wa jiografia alitueleza kazi hiyo: majani ya pori yanatoa maji mengi hewani, jua linayapandisha, hewa inagonga mlima, huko juu inapoa, na mchana maji yanaturudilia. Ndiyo sababu mvua yetu inapenda kuja baada ya saa sita. Mwezi wa sita jua liko upande wa kaskazini, mvua kubwa nayo inalifuata, na kwetu inapungua mpaka mwezi wa nane. Haiishi kabisa, maana pori halikauki, lakini inapungua. Mwezi wa tano uko katikati ya hizo mbili. Ni mwezi usiojua unachotaka. Unaweza kupata siku ine za jua, useme kiangazi kimefika, na siku ya tano barabara inakuwa mto na makamyo yanalala kwenye matope.

Sasa, mwaka huu tulikuwa na kopo. Katika somo la fizika tulijifunza kwamba milimita moja ya mvua ni litre moja ya maji kwa kila metre ya mraba. Jambo hilo lilitupendeza sana. Tulihesabu manjanja ya nyumba yetu, metre nane kwa tano, tukaona kwamba mvua ya milimita 10 inatupa litre 400, yaani mabidoni 20 ambayo hakuna mtoto atakayeyachota mtoni. Tukatafuta kopo la maziwa lenye kusimama sawasawa, tukaliweka juu ya mti uliokatwa katikati ya lupango, mbali na paa. Kila mvua tulipima kwa rula na kuandika katika kayé: tarehe, saa ya kuanza, milimita. Tulipoandika mvua kumi, tuliona kwamba hata moja haikuanza kabla ya saa munane. Ndugu wasomaji, tulijiona kuwa wataalamu. Jirani alipotuuliza kama anaweza kufua nguo, tulifungua kayé na kumjibu.

Mama hakutuuliza kitu. Mama ana mihogo, na mihogo ina hesabu yake.

Wanaokula fufu bila kuuliza inatoka wapi wasikilize kidogo. Mihogo yetu michungu ina sumu. Unaing'oa, unaimenya, unailoweka siku tatu au ine, mpaka inalegea na sumu inatoka. Mtu akifupisha siku hizo kwa haraka ya njaa, anaweza kupata ugonjwa unaoitwa konzo, unaopoozesha miguu, na miguu hairudi tena. Kisha unaitoa majini na kuianika siku tatu za jua nzuri, au zaidi. Hapo ndipo shida iko. Mama anayeloweka mihogo siku ya kwanza anafanya mapatano na jua la siku ya ine, ya tano na ya sita, jua ambalo hajaliona. Hawezi kuiacha majini mpaka mvua ipite, itaoza. Ikinyeshewa juu ya shitingi, inafanya kuvu nyeusi na kunuka, na mnunuzi kutoka Bukavu anaigeuza kwa mkono, anacheka, anapita.

Ile mihogo ya mwezi wa tano ilikuwa minerivali. Masomo ya msingi serikali iliyatangaza kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini sisi wa sekondari tunalipa. Liste ilikuwa imekwisha kusomwa, na mwenye jina lake juu ya liste alipaswa kulipa kabla ya juma lijalo au kurudi nyumbani. Jina la mwenzetu, mtoto wa mama mwenyewe, lilikuwamo.

Mama aliloweka siku ya kwanza, akaitoa siku ya ine. Siku hiyo jua lilikuwa zuri. Siku ya tano kulikuwa masomo nusu siku tu, na kabla ya kwenda shamba alituambia: « Batoto, mukitoka masomo mukae na mihogo. Musiende mbali. »

Tulitoka saa ine. Mbingu ilikuwa safi, isipokuwa upande wa Bunyakiri, ambako kulikuwa na kitu kama moshi. Mwenzetu, yeye mwenyewe mwenye jina kwenye liste, alisema: « Tubakie. » Sisi watatu tukafungua kayé. Mvua kumi, na hakuna hata moja kabla ya saa munane! Tukamwambia tuko na saa ine nzima. Tulikwenda wote kucheza mupira chini karibu na mto. Hatuandiki hapa nani alifunga goli ngapi, ingawa tunakumbuka.

Saa sita kasoro upepo ukaja ghafula, baridi, ukinuka udongo. Tuliangalia juu: milima haikuwapo tena. Tulianza kukimbia. Njiani wamama wote walikuwa nje wakipiga kelele: « Mvua inakuya! Tosheni mihogo! Tosheni! », na kila lupango watu walikuwa wanakunja, wanabeba, wanasukuma ndani. Lupango letu tu ndilo lilikuwa limelala kimya, nyeupe, na mihogo yetu juu ya shitingi kama meno. Tulifika pamoja na tone la kwanza. Tuliingiza labda sehemu moja juu ya tatu. Ile nyingine ilikuwa inaogelea.

Tulisimama chini ya baraza tukitetemeka. Radi ilikuwa inapiga juu ya mto. Kwa mazoea tulianza kuhesabu sekunde kati ya mwanga na sauti, sekunde tatu kwa kilometre moja, na tulipofika sekunde moja tukaacha kuhesabu. Watu wa hapa wanajua radi. Mwaka 2016 wataalamu waliochunguza kazi ya satelaiti waliandika mahali panapopigwa na radi kuliko pote duniani: pa kwanza ziwa la Maracaibo kule Venezuela, na pa pili milima yetu hii ya Kivu, waliyoiandika kwa jina la Kabare, zaidi ya mara 200 kila mwaka kwa kila kilometre ya mraba. Banyanga wao walikuwa na habari hiyo bila satelaiti. Katika hadithi ya Mwindo, aliyoisimulia mzee Candi Rureke mwaka 1956 na iliyotiwa katika kitabu na Biebuyck na Mateene mwaka 1969, Mwindo anajisifu kwa nguvu zake na kuua Kirimu, joka rafiki wa Nkuba, ndiye Radi. Nkuba anampandisha juu mbinguni, na huko baridi inampiga, mvua inampiga, jua linampiga, mpaka majivuno yanamtoka. Mmoja wetu aliikumbuka hadithi hiyo palepale barazani na kuanza kuisema. Mwenzetu akamwambia: « Nyamaza. » Ilikuwa neno lake la kwanza tangu tulipofika.

Tulikuwa na woga mwingine pia. Ng'ambo ya daraja letu ni teritware ya Kalehe, na katika teritware hiyohiyo, kando ya ziwa, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mvua ya siku moja iliteremsha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na wengi hawakuonekana kamwe. Tangu hapo, mvua ikiwa kubwa katika mwezi wa tano na mtu yuko shamba la mlimani, watu wa nyumbani hawazungumzi sana. Mama alikuwa shamba la mlimani. Tulimngoja. Mihogo tuliisahau kidogo, tunasema kweli.

Alifika kuelekea saa kenda, matope mpaka magotini, jani la ndizi juu ya kichwa. Aliangalia shitingi. Aliangalia kopo. Sisi tukaanza kusema wote pamoja: kayé, saa munane, mvua kumi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema pole pole tu:

« Ile kopo yenu inapima mvua yenye imeshaanguka. »

Akaingia ndani kubadilisha nguo. Mvua ile ilikuwa ya milimita 31. Tuliiandika jioni, kwa sababu kayé ni kayé, lakini hakuna aliyefurahi kuiandika.

Jua halikuonekana tena siku mbili. Mama alijaribu kukausha juu ya moto, katika utara, na nyumba yote ilijaa moshi. Sehemu iliyokuwa imelowa iligeuka nyeusi, akamwuzia mtu mwenye nguruwe kwa bei ya kumhurumia. Siku ya kwanza ya juma lililofuata liste ilisomwa tena, na mwenzetu alisimama, akakusanya vitabu vyake na kutoka. Sisi watatu tulikaa. Ile asubuhi tulikuwa na somo la hesabu, na hatuwezi kuwaambia lilikuwa juu ya nini.

Baadaye tulikubaliana jambo. Kila siku baada ya masomo tulikwenda kubeba mchanga kutoka mtoni kwa mtu aliyekuwa anajenga kando ya barabara. Analipa kwa bidoni. Mwenzetu alibeba asubuhi na jioni, sisi jioni tu, na usiku tulimwandikia masomo ya siku ile, kila mtu somo lake, tukigombana juu ya taa. Mmoja wetu anaandika vibaya sana, hata leo mwenzetu anamlaumu kwamba kemia yake haisomeki. Siku ya kenda aliingia darasani na karatasi ya malipo mkononi. Mikono yake ilikuwa imepasuka, hakuweza kushika kalamu sawasawa. Hakutuambia kwamba ametusamehe, wala hatukumwuliza. Lakini alikaa mahali pake kati yetu.

Mama alilowesha tena. Mwanzo wa mwezi wa sita asubuhi zilianza kuwa kavu, ukungu ulipungua, na vumbi la kwanza lilionekana nyuma ya pikipiki za bamotari. Ilikuwa siku nzuri kweli, mbingu nyeupe bila wingu hata upande wa Bunyakiri. Mama alitandika shitingi, akamwaga mihogo, akainyosha kwa mkono. Kisha akatugeukia, sisi wanne tumeshika vitabu:

« Wataalamu, leo mvua itanyesha? »

Tuliangalia kopo. Tukamjibu: « Hatujui, Mama. »

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamwita koko wa jirani, akamwekea kiti chini ya mti wa avoka, mbele ya mihogo, na sisi akatuambia twende masomo.

Wanafunzi wanne wa mwaka wa 5