Mto Rufiji Ndani ya Kompyuta

HEC-RAS ni programu ya wahandisi wa maji. Ikipewa umbo la mto, kiasi cha maji yanayotoka juu na namna ardhi inavyoyapunguza mwendo, hukokotoa maji yatapanda hadi wapi. Hutengenezwa na kituo cha haidrolojia cha wahandisi wa jeshi la Marekani, kilichoko Davis, California, nayo hutolewa bure kwa yeyote anayeitaka. Hilo la bure ndilo lililoifikisha Ikwiriri, kando ya Mto Rufiji nchini Tanzania. Programu nyingine za kazi hiyo, kama MIKE 11 ya Denmark, zilikuwa na leseni ya kulipia na ufunguo mdogo wa kuchomeka nyuma ya kompyuta. Ufunguo ukipotea, kazi imelala.

Ikwiriri imekaa juu kidogo ya bonde, kaskazini mwa mto, na kukua kwake kunatokana kwa sehemu na mafuriko ya mto huo huo. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka kwenye vijiji vya ardhi ya juu. Watu walihama, mashamba yakabaki. Wakulima waliendelea kushuka bondeni msimu wa mpunga na kulala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Maji yakishapungua, hupandwa mahindi ya mlau kwenye tope ambalo bado lina unyevu wake. Mkulima wa huko haulizi kama mto utafurika. Anauliza utafurika lini, kwa kiasi gani, na maji yatakaa siku ngapi. Modeli ya Rufiji isiyogusa maswali hayo matatu ni pambo la ripoti.

Mzazi wa HEC-RAS ni HEC-2, iliyotoka mwaka 1968, zama za kadi za kutobolewa. Kila kadi ilikuwa na safu 80. Mkato wa mto, yaani umbo la mto ukiukata kutoka ukingo hadi ukingo kama mkate, uliandikwa kwenye kadi zilizoanza na herufi GR: kimo cha ardhi, kisha umbali kutoka ukingoni, jozi tano kwa kadi moja. Tarakimu ikisogea safu moja tu, mita 12 inageuka mita 120, na kompyuta haina habari kuwa hapo hakuna mlima. Tanzania haikuwa na nafasi kubwa ya kujifunza makosa hayo yenyewe, kwa kuwa mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katika zama hizo hizo kampuni ya Norconsult ya Norwe ilikuwa ikiandaa mipango ya bwawa la Stiegler's Gorge, korongo la Mto Rufiji. Kwa hiyo kumbukumbu ya kipindi hicho katika ofisi za maji ni ya makabrasha: ripoti nene za Kiingereza, ramani zilizokunjwa mara nane, na madaftari ya vipimo vya mto vilivyosomwa pale korongoni tangu miaka ya 1950. Baadaye makabrasha hayo yalikuja kuwa mali kuliko ilivyodhaniwa.

Toleo la kwanza lenye jina la HEC-RAS lilitoka Julai 1995. Kadi ziliondoka, yakaja madirisha, panya na mchoro wa mkato unaoonekana kwenye kioo. Mahesabu yenyewe hayakubadilika sana. Mto bado ulichukuliwa kana kwamba maji yake hayaongezeki wala hayapungui, kama picha moja iliyopigwa mchana. Mabadiliko makubwa yalikuja na toleo la 3.0 mwaka 2001, lililoweza kufuata wimbi la mafuriko saa kwa saa. Kwa Rufiji hili lilikuwa jambo zito. Bonde lote lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 177,000, likikusanya maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na maji yanayotoka korongoni huchukua muda kabla hayajafika Utete na Ndundu, chini zaidi mtoni. Sehemu yake huingia pembeni kwenye maziwa ya bondeni na kujificha humo, kisha hurudi mtoni taratibu. Picha moja ya mchana haionyeshi kitu kama hicho.

Hizo ndizo siku za sidii na jenereta. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla ya hapo anayekwenda kusini alisubiri kivuko cha Ndundu. Mafundi waliokuja kupima mto walikuwa na mtumbwi, kamba yenye alama, mti wa kupimia kina na daftari. Jioni walirudi gesti, na hapo tu kompyuta ikawashwa, kwa kuwa jenereta ilikuwa na saa zake. Kusakinisha programu, au kuinstoli kama wanavyosema wao, kulikuwa na ibada yake: sidii inaingizwa, inatolewa, inafutwa kwa kanga, inaingizwa tena. Kompyuta ya ofisi ilidai nywila ya msimamizi, na msimamizi yuko Dar es Salaam. Walioizoea kazi hiyo walibeba laptopu ambayo nywila yake wanaijua, hata kama ilikuwa kuukuu na betri yake imekufa.

Makosa mawili ya siku zile yanakumbukwa kuliko mengine. La kwanza ni la nukta. Laptopu iliyotoka Ulaya bara iliandika desimali kwa koma, na HEC-RAS inaijua nukta tu. Programu ilifunguka vizuri, ikapokea data, kisha ikatoa namba za ajabu au ikakataa kabisa. Dawa yake ilikuwa kwenye mpangilio wa lugha na nchi wa Windows, mahali ambapo hakuna aliyefikiria kutazama kabla usiku haujaingia.

La pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikupiga kelele. Programu ikishasakinishwa upya, huanza na vipimo vya Kimarekani: futi, si mita. Fundi aliyesahau kubadilisha aliingiza mikato yake ya mita, na kompyuta ikaisoma kama futi. Jibu lilikuja laini, lenye mchoro mzuri wa buluu. Lakini fomula ya mwendo wa maji katika vipimo vya futi ina kizidisho cha karibu 1.49, ambacho katika mita ni 1. Hivyo mto ndani ya kompyuta ulikwenda mbio kuliko ule wa nje, na kwenye bonde pana kina kikashuka kwa takriban moja ya tano. Maji ya mita tatu yalisomeka kama mita mbili na nukta nne. Kwenye mto wa milimani kosa hilo pengine lingepita. Rufiji, ambako ardhi ni tambarare kama mkeka, tofauti ya sentimita 60 ni shamba kavu au shamba lililozama. Kosa hilo liligunduliwa na mtu asiyejua kompyuta: mzee mwenye dungu aliyeonyesha kwenye nguzo yake mstari wa tope ulioachwa na maji, akauliza mbona karatasi inasema maji hayakufika hapo.

Mwaka 2009 mkonga wa intaneti wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, na polepole sidii zikaanza kuachwa. Toleo la 4.1 la Januari 2010 lilikuwa la kwanza ambalo wengi walilishusha wenyewe, kwa modemu na bando la usiku, likikatika njiani na kuanza upya. Likishapatikana, lilizunguka kwa flashi kutoka ofisi hadi ofisi, mara nyingi pamoja na virusi. Kulikuwa na jambo moja la busara katika utengenezaji wake: kila toleo hukaa kwenye folda yake, kwa hiyo la zamani na jipya huishi pamoja kwenye mashine moja bila kugombana. Kazi iliyofunguliwa kwa toleo jipya na kuhifadhiwa, hata hivyo, haikuwa na uhakika wa kurudi kwenye la zamani. Fundi makini alitengeneza nakala kwanza. Asiye makini alijifunza.

Februari 2016 lilitoka toleo la 5.0, na hapo mto ukaacha kuwa mistari. Badala ya mikato, ardhi yote hufunikwa kwa wavu wa vijumba, na maji huachwa yatafute njia yenyewe kutoka kijumba hadi kijumba. Kwa bonde la Ikwiriri, ambako maji ya mafuriko hayafuati mto mkuu bali huvuka kwa mifereji, huingia ziwani na kutokea upande mwingine, mbinu hii inafanana zaidi na ukweli. Lakini wavu unahitaji ramani ya vimo vya ardhi yote, na mtumbwi na kamba haviwezi kuipima. Ramani ya bure iliyokuwapo ilitokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, na kwa miaka mingi nchi za Afrika zilipata ile yenye vipande vya mita 90. Mfereji wa Rufiji unaweza kujificha wote ndani ya kipande kimoja. Tena penye miti rada ile haikufika ardhini, iliishia kwenye majani na matawi. Delta ina msitu mkubwa wa mikoko kuliko mwingine wowote nchini, na ndani ya kompyuta mikoko hiyo ikawa vilima. Maji yalifika kwenye vilima hivyo yakarudi nyuma, yakajaa juu, na wavu ukaonyesha vijiji vya kando vikizama kwa mafuriko yaliyozuiwa na majani. Vipande vya mita 30 vilipotolewa kuanzia 2014, na baadaye ramani ya FABDEM ya Chuo Kikuu cha Bristol iliyojaribu kuondoa miti na majengo, hali ikawa afadhali. Mifereji midogo bado inachongwa kwa mkono, kwa kumuuliza anayepita na mtumbwi.

Toleo la 6.0 la Mei 2021 liliruhusu daraja kuwekwa ndani ya wavu pamoja na nguzo zake, na Daraja la Mkapa likapata mahali pake pamoja na tuta la barabara inayoliendea. Hadi hapo kila modeli ilianza na mvua: maji yanayoingia juu yalikuwa yale yaliyoandikwa kwenye madaftari ya korongoni. Tarehe 22 Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililojengwa pale pale korongoni, lilianza kujazwa, na daftari likabadilika maana. Sasa kinachoingia juu ya modeli kinategemea pia milango inafunguliwa lini na kwa upana gani. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na makazi ya wilaya za Rufiji na Kibiti, na ubishi wa kama bwawa lilizidisha au lilipunguza maji ulisikika kila mahali. Swali hilo ndilo hasa ambalo programu hii inaweza kulijibu, kwa kuendesha hesabu mara mbili, yenye bwawa na isiyo na bwawa, mradi apatikane mtu mwenye kumbukumbu za milango saa kwa saa.

Matoleo yamefuatana haraka tangu lile la 6.0: la 6.6 lilitoka Septemba 2024, na mwaka 2025 lilianza kujaribiwa toleo lililoandikwa upya kabisa. Kazi ya zamani bado inafunguka. Faili za mikato iliyopimwa kwa mtumbwi kabla ya daraja husomwa zote, kimo kwa kimo, ila wapimaji wake hawakuandika longitudo wala latitudo. Kwenye kioo mikato hiyo inatokea nje ya ramani ya Rufiji, mistari iliyopangwa moja baada ya nyingine juu ya uwanja mweupe, hadi mtu anayekumbuka ilipopimwa aiburute mmoja mmoja hadi mahali pake.