Ikweta Haitukingi

Hapa Mshangano, kila redio inapotangaza kimbunga katika Bahari ya Hindi, nasikia kauli ile ile kutoka kwa waendesha bodaboda na kwa maofisa wenye shahada: sisi tuko karibu na Ikweta, vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Kauli hiyo ina chembe ya fizikia, na ndiyo maana inapotosha kuliko uongo mtupu.

Tazama sufuria jikoni. Maji ya chini yakipata moto hupanda, ya juu yaliyopoa hushuka, na moto ukizidi mwendo wote huvurugika. Bahari yenye nyuzi joto 27 huifanyia hewa vivyo hivyo: mvuke hupanda, hugeuka mawingu, huachia joto, na joto hilo huvuta hewa nyingine kutoka pembeni. Lakini sufuria yetu, yaani dunia, inazunguka. Hewa inayokimbilia katikati hukunjwa njiani, na huku kusini huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Kadiri inavyokaribia kitovu ndivyo inavyokaza mwendo, kama mcheza ngoma anayezunguka huku akikunja mikono. (Wanafunzi wetu hukariri kanuni za mwendo huo kwa Kiingereza, wasiambiwe kwamba ndizo zinazoeleza neno kimbunga walilolijua tangu utotoni.)

Nguvu ya mkunjo huo ni sifuri kwenye Ikweta, na hukua kuelekea ncha za dunia. Kisiwa cha Mafia, karibu nyuzi 8 kusini, hupata takriban moja ya saba ya ile ya ncha. Kwa hiyo vimbunga kwetu ni nadra. Hata hivyo, Aprili 1952 kimoja kiliipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilishukia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Mto Ruvuma. Mei 4, 2024 Hidaya kikafika Mafia, na mvua zilizoandamana nacho zikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi huko Somanga, Kilwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitahadharisha mapema, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka. Lawama zangu haziko huko. Tahadhari huokoa mvuvi anayeahirisha safari; daraja haliwezi kuahirisha chochote. Daraja lilikwisha kuamuliwa siku mhandisi alipochagua mvua ya kulipimia, na siku diwani alipokubali kipenyo cha kalavati kipunguzwe ili bajeti itoshe. Tukiamini kwamba Ikweta inatukinga, tutachagua mvua ndogo kila mara, na hakuna atakayeulizwa.

Nasi wa Songea, tulio mbali na pwani, tusijione watazamaji. Makaa ya mawe ya mkoa huu husafirishwa kwa malori hadi bandari ya Mtwara. Basi, ndugu zangu watumishi wa umma mnaoandaa bajeti: makalavati ya njia hiyo yamepimwa kwa mvua ya mwaka gani?