Kutoka Katwe Hadi Ggaba: Bei ya Picha ya Nanga

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Kampala kwenda Ggaba hupita Nsambya, Kabalagala, Kansanga na Bunga. Baada ya kilomita kama 10 hufika ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Hapo pana soko la samaki, na mitumbwi ya mbao yenye mashine hupakia abiria na mizigo. Jamaa wengi, wakiwamo askari wanaokaribia kustaafu, hutamani kuwa na chombo kama hicho. Kabla hawajafungua akiba zao, yafaa walitambue jambo moja.

Spana, bisibisi, bolti na minyororo huuzwa kwa namna mbili. Vipo vya kawaida, na vipo vilivyochorwa nanga kwenye pakiti na kuitwa vya boti. Hivi vya pili bei yake ni kali, na sababu itolewayo ni kutu.

Baharini sababu hiyo ina haki yake. Kila lita ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, nayo hula chuma upesi. Ndiyo maana wenye vyombo vya baharini hulipia chuma cha pua kilichotiwa molibdeni. Lakini Mombasa iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Ggaba. Maji ya Ggaba hayana chumvi hiyo. Ndiyo yanayosafishwa papo hapo na kupelekwa katika mabomba ya Kampala. Maji anayokunywa mtoto nyumbani ndiyo yanayopiga ubavu wa mtumbwi.

Kwa maji hayo, bolti nzuri iliyopakwa zinki hudumu vyema. Ama spana, yenyewe haikai majini bali sandukuni. Ifutwe ikauke, ipakwe mafuta kidogo, nayo itatumika miaka mingi. Nanga nayo si lazima itoke ng'ambo. Mafundi wa Katwe, ambao sifa yao ya kufua vyuma inajulikana nchini kote, wanaweza kuiunga kwa vipimo utakavyowapa.

Hata hivyo, kubana matumizi kuna mpaka wake. Gundi ya plaiwudi ya chombo sharti iwe ile isiyoachia majini. Tena jaketi la kuokolea maisha halina mbadala wa rahisi. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na ufuo wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa wametoka Kampala kwa matembezi ya siku moja.

Basi, ndugu msomaji, fedha utakayoiokoa katika spana usiirudishe mfukoni. Inunulie majaketi, moja kwa kila abiria, na uhakikishe kwamba yanavaliwa kabla kamba haijafunguliwa.