Majimbi Hayataki Maji

Chwaka ni mawe. Ukiiacha pwani ukaelekea makondeni, jembe linagonga jiwe kabla halijazama, na mkulima anatafuta vijishimo vya udongo baina ya mawe apande mhogo wake na mbaazi zake. Samaki tulikuwa nao. Vyakula vinavyotaka ardhi nzito vilitujia kwa gari ya namba 6 kutoka Darajani, mjini Zanzibar, iliyopita Mwera na Dunga ikiwa imejaa watu ndani na juu imepakia magunia ya majimbi, mashelisheli na mikungu ya ndizi mbichi. Kwa hiyo majimbi kwetu yalikuwa mambo ya Ramadhani, chakula cha futari, na yakishushwa tu, sisi wasichana tulianza kutazamana.

Si kwamba hatukuyapenda. Yakiiva kwa nazi, tui zito limeyashika, hakuna aliyekataa. Tatizo lilikuwa njia ya kufika huko. Jimbi limeota nywele, lina matope katika kila mkunjo, umbo lake halina mbele wala nyuma, na ukilikata linatoa ute unaoteleza mkononi. Halafu linawasha: kwanza baina ya vidole, kisha kwenye viwiko, na ukijisahau ukajifuta uso, jioni nzima imekuharibikia.

Bibi mzaa mama alikuwa na kijisu kimoja cha kazi hii, kifupi kama kidole gumba na shahada. Mhunzi alikitengeneza kwa kipande cha msumeno katika miaka ile ya maduka matupu, mtu akisikia kuna kisu kinauzwa anakwenda kupanga foleni bila kuuliza ni kisu gani. Kilikuwa kimenolewa mpaka bapa lake limebaki nusu. Hakuna aliyeruhusiwa kukipaia samaki wala kukatia kamba.

Sharti lake la kwanza lilikuwa maji yakae mbali. Majimbi hayakoshwi kabla ya kumenywa. Yanapanguswa kwa gunia kavu mpaka matope yadondoke, mikono inapakwa mafuta ya nazi, ndipo kisu kinaingia. "Jimbi ukilikosha kabla hujalimenya umeliamsha," alikuwa akisema. Na ganda haliondolewi jembamba kwa ubahili. Linakatwa nene, nyama kidogo iende nalo. Kwa mwanamke aliyekuwa akihesabu kila punje ya mchele, ukarimu huo kwa maganda ulinishangaza.

Nilipofika sekondari nikasoma kwamba ndani ya jimbi mna chembechembe za kalisiamu oksaleti, zilizochongoka kama sindano, na hizo ndizo zinazochoma ngozi, na koo pia jimbi lisipoiva barabara. Nikamweleza bibi. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza kama kitabu kimesema na habari ya mafuta. Hakikusema.

Mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, milango ya biashara ilianza kufunguliwa na bidhaa za Dubai zikamiminika mjini. Mjomba wangu alituletea kapu zima la vyombo, na ndani yake kimenyeo cha mpini wa plastiki nyekundu, wembe wake unachezacheza. Mjomba alituonyesha kwa karoti aliyokuja nayo kutoka mjini. Ganda lilitoka refu, jembamba, la kupendeza. Kwenye jimbi kilikwama. Nywele ziliziba wembe, ute ukafanya mpini uteleze, na kule kumenya juu juu, ambako kwenye karoti ndiko sifa yake, hapa kuliacha chini ya ganda tabaka lile lile linalowasha. Mjomba alikasirika kidogo, nadhani kwa sababu ya fedha. Bibi hakukitupa. Alikipa kazi ya mapapai mabichi na maembe ya achari, na katika kazi hizo sijaona cha kukishinda.

Shelisheli lilikuwa na njia yake. La kuchemsha unalipasua kwa panga lililopakwa mafuta, maana utomvu wake ukigandia chuma utausugua mpaka kesho. Lakini shelisheli tamu ni la kuchoma, zima, kwenye moto wa makumbi ya nazi. Hapo palikuwa na mvutano nyumbani, kwani makumbi yale yale wanawake wa pwani huyafukia mchangani yaoze, wapate usumba wa kusokota kamba, na kamba ni fedha. Bibi alitutolea machache, yaliyovunjika. Shelisheli likishaungua nje likawa jeusi tii, kisu hakifai. Kinachimba na kuchukua nyama. Tulilikwangua kwa kombe tulilookota maji yakitoka. Ukingo wake una ukali wa kutosha kuondoa masizi na hauna ukali wa kukata zaidi, wala haushiki moto kama chuma. (Waingereza walituma jahazi zima, Bounty, kubeba miche ya mti huu kutoka Tahiti, na mwaka 1789 mabaharia wakaasi njiani. Sijui kama nahodha alipata kulionja la kuchoma.)

Kisamvu nakitaja kwa ufupi kwa sababu chombo chake hakikuhitaji kutafutwa: kinu na mchi. Majani ya mhogo mabichi yana sumu. Kutwanga kunayavunja, kuyachemsha sufuria ikiwa wazi kunaifukuza, na baada ya hapo ndipo tui linaingia. Mwani ulipoanza kulimwa upande wetu wa mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wakawa na fedha zao wenyewe, na mama yangu mdogo akanunua blenda. Blenda inataka maji, na kisamvu chake kilitoka kama uji wa kijani. Mashine za kusagia za mjini ni jambo jingine. Kisamvu kilichosagwa humo nakinunua sokoni, na wala sioni aibu: bega langu linakumbuka mchi vizuri kuliko ulimi wangu unavyokumbuka tofauti.

Majimbi bado yananidai kisu. Naishi mjini sasa, na binti yangu anayamenya akiwa amevaa glavu nyembamba za plastiki. Zinafaa sana, mpaka ncha ya kisu itoboe kidole kimoja na ute upenye humo. Kwa hiyo siku hizi anapaka mafuta ya nazi kwanza, ndipo anavaa.