Kuezeka Upya Depo ya Mama

Nyuma ya nyumba yetu, hapa Lubumbashi, kuna depo ndogo ya matofali ambamo mama anaweka mahindi. Anayanunua baada ya mavuno, bei ikiwa bado chini, ili tusihangaike na unga mvua zikikolea. Mwaka jana mifuko miwili iliota kuvu kwa sababu manjanja yalikuwa yametoboka. Ndiyo maana mwezi wa kumi mimi na mjomba tulipanda juu.

Darasani tunaandika mabati. Mtaani kwetu anayesema mabati hutambulika kuwa ametoka mbali, au amesoma sana. Kilingala nacho kina manzanza. Naachia hapo, maana mjomba hapendi mtu anayesimama kwenye ngazi akiwaza maneno.

Tulipong'oa manjanja ya zamani, ugonjwa ulionekana. Aliyeezeka mwanzo alipiga misumari bondeni, yaani sehemu ya chini ya mkunjo, ambako maji yote hupita. Kuzunguka kila msumari kulikuwa na kutu, na penye kutu palikuwa na tundu.

"Mayi inapitaka mu bonde, mwipwa," mjomba alisema. "Musumari inakaaka ku mugongo."

Kiswahili sanifu kingetumia hu-: maji hupita, msumari hukaa. Lakini ile -aka, kinywani mwa fundi, haielezi mazoea tu. Inaamuru.

Kupanga manjanja manne mapya kulichukua asubuhi moja. Kila moja lililalia jirani yake kwa mkunjo mmoja na nusu, na ukingo wa juu tukauelekeza mbali na upande unakotokea upepo wa mvua. Chini ya kila kichwa cha msumari tuliweka kipande cha mpira wa tairi la baiskeli, ule wa ndani.

Saa sita mama aliona depo imefunikwa, akataka kurudisha mifuko. Mjomba akakataa. Kwake yeye kazi ilikuwa haijaanza, ilibaki finisyo.

"Hakuna mutu atapanda kule kuangalia," mama alisema.

"Yaya, mvula itaangalia."

Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya, na mahindi yote ya mwaka yalikuwa saloni. Mjomba hakuharakisha. Alivuta kamba toka kona hadi kona, tukakata ncha za chini zote sawa, zikiupita ukuta kwa upana wa kiganja. Kisha, kwa koleo, aliinamisha kidogo mdomo wa kila bonde, ili tone lianguke badala ya kurudi nyuma chini ya njanja. Upande wa juu, paa linapokutana na ukuta wa nyumba, alifanya kinyume: kila bonde alilikunja kuelekea juu. Tukachimba mfereji mwembamba ukutani, tukachomeka mkanda wa njanja bapa ulioyafunika yale mengine, tukaziba kwa sementi. Mwisho akapitisha tupa kwenye ncha zote, watoto wasijikate. Usiku ule tuliruka mifuko sita kwenda kulala. Tulimaliza kesho yake jioni.

Mvua ya kwanza ilikuja juma lililofuata, usiku wa manane. Mama aliniamsha nimshikie tochi. Hakutazama juu hata mara moja. Alipenyeza mkono nyuma ya mfuko wa mwisho, pale palipoota kuvu, akaupapasa ukuta mpaka chini.

"Kunakauka," alisema, akarudi kulala.